Nani Aliifuta KONA?

Nimepewa dakika kumi na tano, na Mama Mchungaji ameshanionyesha saa yake mara mbili hata sijafungua mdomo, kwa hiyo salamu zangu zipokeeni hivyo hivyo, amani iwe kwenu, tuingie kazini. Mwanangu yuko na mdogo wangu pale mlangoni, akilia mtaniwia radhi, anaota meno. Nina mfano mmoja tu. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msiende nyumbani mkaanza kuulizana ni ndege gani na rubani gani, hakuna. Kifaa tu ndicho cha kweli. Kaka yangu anapakia mizigo kwenye ndege ndogo, siku moja akanipandisha, akanionyesha kile kifaa, nikakizungusha kwa mkono wangu huu, na tangu siku ile sina amani. Mtaona kwa nini.

Haya. Palikuwa na ndege moja ndogo ya kliniki, ya watu sita ukimhesabu rubani, na mbele ya rubani kulikuwa na kifaa cha GPS. Ukubwa wake kama Biblia ya mfukoni iliyolazwa. Kina kioo, kina vitufe vichache, kina kitasa cha kuzungusha kama cha redio za zamani. Humo ndimo rubani anaandika safari yake kabla ya kuruka: anaweka pointi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila pointi na jina lake fupi, na kifaa kinaziunganisha zote kwa mstari mmoja wa pinki. Akimaliza anaihifadhi, inapewa namba, na wiki ijayo hana haja ya kuandika upya. Anafungua orodha, anachagua namba, anabonyeza kuwasha, basi, ndege ina njia. Ni kitu kizuri! Sikuja hapa kuisema vibaya mashine. Mashine haina dhambi.

Kwenye orodha ile kulikuwa na Njia namba Nne, ya kutoka mjini kwenda hospitali ya misheni, na aliyeiandika ni mzee mmoja aliyeruka miaka ishirini na sita. Aliweka pointi nne: MJINI, MTONI, KONA, MISHE. MJINI ni uwanja wa kuondokea. MTONI ni pale mto unapogawanyika, hata mtoto anauona. MISHE ni uwanja wa kutua. Lakini KONA sasa. KONA haikuwa na uwanja, haikuwa na kijiji, haikuwa na hata barabara ya ng'ombe. Ni hewa. Mzee aliiweka kwa sababu kutoka mtoni hadi misheni, ukienda moja kwa moja, umesimama mlima. Basi akaweka pointi pembeni, kushoto, ili mstari upinde, uuzunguke mlima ule, ndipo urudi. Dakika saba zaidi. Ni hizo tu.

Na mzee alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuwasha injini alikuwa anasoma zile pointi kwa sauti, moja moja, mkono mmoja kwenye kifaa na mwingine kwenye ramani ya karatasi, kama mwalimu anaita mahudhurio. "Mjini. Mtoni. Kona. Misheni." Abiria wanasikia wote. Wengine walikuwa wanamcheka, "Mzee, tunaijua, twende!" Naye anajibu, "Ninyi mnaijua, mimi naihakikisha." Halafu ndiyo anawasha.

Kati ya abiria wake alikuwepo mama mmoja kijana, mtoto wake amezaliwa na mguu umepinda kwa ndani. Mguu wa namna ile unanyooshwa kidogo kidogo, kila wiki mtoto anafungwa POP mpya, ile plasta ngumu, kwa hiyo mama yule alikwenda mjini na kurudi misheni Jumanne nane mfululizo, na mtoto yuko kifuani. Akina baba, kama mnaona haya inamisheni vichwa, lakini hakuna humu ndani ambaye hakunyonya. Wakati wa kurudi, mama yule alikuwa akimweka mtoto ziwa la kulia ndege ikipaa, kwa ajili ya masikio. Wakishavuka mto, ndege inalala. Inainamia kushoto, polepole, mtoto anateleza mwenyewe, anaachia, na mama anamhamishia ziwa la pili. Jumanne nane. Mama yule hajui kusoma kifaa, hajui futi wala digrii, lakini KONA alikuwa nayo mwilini. Mama Nsajigwa unacheka, wewe unajua ninachosema.

Mzee akastaafu. Akaagwa vizuri, akapewa kiti cha kuegemea na picha ya ndege kwenye fremu.

Akabaki rubani wa pili, ambaye tuseme ukweli alikuwa anajua kazi. Mwezi wa nane, kiangazi, mbingu kama sahani iliyooshwa, akaruka Njia namba Nne. Akavuka mto, ndege ikaanza kuinamia kushoto kufuata mstari, akatazama mbele, mlima ule pale, anauona mpaka vichaka vyake, na pembeni yake pana uwazi wa kupita. Akasema, "Huyu mzee alikuwa mwoga jamani." Akazungusha kitasa mpaka jina KONA likawaka. Akabonyeza kitufe cha kufuta.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo damu yangu inachemka. Kifaa hakikufuta. Kifaa kiliuliza! Kinatoa maneno kwenye kioo, kwa lugha yetu ni kama kusema, "Uiondoe KONA?" Kinasubiri. Kinampa mtu nafasi ya kusema hapana, ngoja kwanza nimpigie mzee simu nimuulize aliiweka kwa nini. Simu ya mzee anayo! Akabonyeza ndiyo. Mstari wa pinki ukanyooka, puu, kutoka mtoni mpaka misheni, ukapita juu ya mlima kana kwamba mlima haupo, maana kifaa kile cha zamani hakijui milima, kinajua pointi tu. Na yeye akapita kando ya mlima kwa macho yake, akatua salama, dakika saba mapema. Akaihifadhi. Njia namba Nne, pointi tatu.

Akapita hivyo mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Kuna kitu kilimpata? Hakuna. Alikosea? Mwambieni alikosea mwezi wa tisa muone, atawaonyesha saa.

Mvua ikaanza. Na mvua ilipoanza hakuruka yeye Njia namba Nne. Hilo ndilo nataka mlitafune. Alikuja rubani mgeni, kijana mpole, ana wiki mbili tu pale, akapangiwa Jumanne. Akamfuata mwenzake asubuhi chumba cha redio.

"Kaka, Njia ya Nne sijawahi kuiruka. Ikoje?"

"Imo kwenye kifaa. Pakia, washa, nenda."

"Nisiilinganishe kwanza na ramani ile ya ukutani?"

"Ile ya mzee? Bwana wewe, tazama mawingu yale, utachelewa. Nimekwambia imo kwenye kifaa."

Imo kwenye kifaa! Alidanganya? Hapana. Imo. Lakini yeye alikuwa anauona mlima, na yule kijana anakwenda kwenye wingu. Aliyefuta alifuta kwenye jua, na atakayepita ni mwingine kwenye ukungu, na hakuambiwa. Mnaona ubaya wake? Laiti mtu angekuwa anafuta ya kwake mwenyewe!

Na Jumanne hiyo ndiyo mama yule alikuwa anarudi nyumbani. Mguu wa mtoto umenyooka, ameletwa mjini kwa gari kuangaliwa viatu vyenye chuma katikati, vya kuuzuia usipinde tena, ana miezi kumi sasa, mzito. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda tangu mzee astaafu. Akafunga mkanda, akasubiri kusikia mahudhurio. Hakusikia. Injini ikawaka. Akajisemea, labda siku hizi wanasoma kimoyomoyo.

Wakapaa. Mtoto ziwa la kulia. Chini wingu likafunga, wakauona mto kwa kupitia tundu moja, kisha hata tundu likaziba, nyeupe kila upande, huoni ncha ya bawa. Rubani mgeni akaita redioni, "Nimeshapita mtoni, nimo ndani ya wingu, futi elfu nane, naelekea misheni."

Chini, chumba cha redio, nani kashika redio? Ni yule yule aliyefuta. Kikombe cha chai mkononi. Mkuu wa kituo amekaa nyuma yake anasaini karatasi. Akaulizwa na nani habari ya KONA? Hakuulizwa na mtu. Lakini alilisikia lile neno, naelekea misheni, na kikombe kikasimama katikati ya njia.

"Uko kwenye mstari?" akauliza.

"Niko juu yake kabisa."

Juu yake kabisa! Ndugu zangu, kuna wakati kuwa juu ya mstari ndiyo kifo chenyewe. Na mtu huyu alijua. Mlima ule una futi elfu tisa na zaidi. Alihitaji maneno matatu tu, "Niliifuta kona." Tuyahesabu, ni-li-i-fu-ta, moja, kona, mbili, hata matatu hayafiki! Lakini mkuu wa kituo yupo pale nyuma na kalamu yake. Basi akasema nini? Akasema, "Ungepanda kidogo, huko juu upepo ni mzuri zaidi."

Upepo!

"Ahsante kaka," akajibu kijana, "huku upepo shwari, mzigo nilio nao ni mzito, nabaki hapa hapa."

Sasa mlaumu nani? Ukimwambia mtu ukweli uliouvisha nguo ya ushauri, ataukataa kama ushauri. Ana haki ya kuukataa. Yule kijana alikataa upepo, hakukataa mlima, mlima hakuambiwa.

Humo ndani ya ndege, mama akamtazama mtoto. Bado yuko ziwa la kulia. Amenyonya mpaka limelegea, analivuta kwa hasira. Mama akatazama dirishani, nyeupe. Akasubiri. Akahesabu kidogo. Mgongo wake unasubiri ndege ilale, hailali. Akamgusa rubani begani.

"Kaka, hatujalala."

"Mama, lala tu, tukifika nitakuamsha."

"Si usingizi nasema! Ndege. Haijalala. Tukivuka mto inalala kushoto, namhamisha mtoto. Mtoto bado yuko ziwa lile lile."

"Mama, naomba ukae. Uliona mkanda unafungwa kwa sababu gani?"

"Nimekaa, nimefunga, nasema hatujalala!"

"Unauona mstari huu?" Akamwonyesha kwa kidole, hata hakukasirika, alikuwa mpole. "Kindege hiki kidogo hapa ni sisi. Tuko juu ya mstari. Haya, tulia, utamtia mtoto hofu."

Abiria wa nyuma, baba mmoja mwenye koti, akasema, "Mama mdogo, mwache mtaalamu afanye kazi." Wapo hawa. Kila chombo unachopanda wamo.

Mama angetulia. Ninyi na mimi tungetulia, semeni kweli, tungetulia kwa aibu, nani anataka kuonekana mshamba kwenye ndege? Lakini alikuwa na yule mtoto mikononi. Akapaza sauti juu ya injini, "Mzee alikuwa anasoma! Mjini, Mtoni, Kona, Misheni! Kona yako iko wapi? Nionyeshe kona, nikae!"

Kijana akatazama orodha yake. MJINI. MTONI. MISHE. Akaita redioni, na sauti safari hii haikuwa ya mpole, "Kituo, kituo, Njia ya Nne ilikuwa na kona?"

Kule chini swali likafika. Mkuu wa kituo akainua uso kutoka kwenye karatasi zake. Yule rubani ana redio mkononi, kidole kiko kwenye kitufe, watu watano na mtoto wako kwenye wingu wanasubiri neno moja, ndiyo, herufi tano. Akabonyeza. Akasema:

"Rudia. Sijakupata."

Alikuwa amempata! Alimpata kila silabi! Lakini ukisema rudia unajipa sekunde tano za kubaki mtu mzuri. Sekunde tano, na mlima unakuja kwa kasi ya ndege.

Kijana hakurudia. Mungu ambariki, hakurudia. Aliikata ndege kushoto kwa mikono yake, kwa neno la mwanamke mwenye mtoto kifuani, ikalala, ikalala kuliko mzee alivyowahi kuilaza, mtoto akaachia ziwa akalia, na upande wa kulia wingu likapasuka kidogo na wote wakaona jiwe. Jiwe jeusi, limelowa, lina majani mepesi yanayotikiswa na upepo wa bawa. Karibu kama nguzo ile. Kisha wingu likafunga tena. Yule baba mwenye koti alikuwa amemshika mama mkono, hakumwachia mpaka matairi yakagusa ardhi misheni.

Mnapiga makofi. Ngojeni. Mfano haujaisha, na hapa sasa ndipo nimekuja kusemea.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ibada ya shukrani. Yule rubani aliyefuta akasimama mbele kutoa ushuhuda. Shati jeupe. Akasema, "Wapendwa, Jumanne adui alipanga kutumaliza, alijua kituo chetu kinafanya kazi ya Bwana. Lakini Bwana akasema hapana!" Watu wakasimama, vigelegele, kinanda kikaingia. Kikaimbwa kibwagizo mara tano. Kisha wakamwita yule mama aje mbele na mtoto wake waonekane, wakampa kipaza sauti aseme neno la shukrani.

Akasema, "KONA imerudishwa?"

Akamgeukia rubani, mtoto anachezea waya wa kipaza sauti. "Shemeji, nakuuliza wewe. Keshokutwa ni Jumanne. Kuna mama mwingine na mtoto mwingine wameshaandikwa, nawajua, ni jirani zangu. Umeirudisha?"

Mnajua walifanya nini? Mzee mmoja wa kanisa alimnyang'anya kipaza sauti kwa upole sana, akasema, "Mama yetu bado ana mshtuko. Tunyooshe mikono tumwombee."

Wakamwombea yeye! Mikono mia mbili wakamnyooshea aliyeona, na aliyefuta naye akanyoosha wa kwake. Na baada ya ibada wakaenda kula pilau, na kile kifaa kiko uwanjani ndani ya ndege, kimezimwa, Njia namba Nne imo, pointi tatu, mstari umenyooka, unasubiri Jumanne.

Mfano wangu umeishia hapo.

Naona mmekasirika. Mzee Ambakisye anatikisa kichwa mpaka miwani inashuka. Vizuri. Mimi nilipokuwa nautunga mfano huu jikoni nilikasirika mpaka nikaunguza uji. Ningempata yule rubani ningemwambia, wewe mtu gani wewe? Halafu ikanijia, taratibu, nikazima jiko nikakaa kwenye ndoo.

Sisi tuna daftari la Umoja wa Wanawake. Mnalijua, lile lenye jalada la kijani. Ukurasa wa pili, mama zetu waliandika kanuni za kwaya ya watoto, na ya sita inasema watoto wakienda kambini mama wawili waende nao, na walale nao bweni moja, karibu na mlango. Haielezi kwa nini. Mama zetu hawakueleza. Ni pointi tu, imekaa pale hewani, unaisoma unaona haina kazi. Miaka yote mama wawili walikwenda, wakalala kwenye magodoro mlangoni, wakarudi wanalalamika migongo, na hakuna kilichowahi kutokea. Si ndivyo?

Mwaka huu basi lilikuwa dogo. Tukanunua spika mpya mbili, mnazijua, hizi hapa kulia na kushoto kwangu zinazonisemea. Hazikuwa na pa kukaa. Tukakutana, mezani palikuwa na chai na maandazi, mmoja wetu akasema, "Jamani watoto siku hizi wakubwa, wana walimu wao kule, mama wawili wa nini?" Nami nilikuwa katibu. Niliuliza kama taratibu zinavyotaka, "Kuna anayepinga?" Niliuliza, mnakumbuka? Kama kile kifaa. Nikasubiri. Hakuna aliyepinga. Nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya kanuni ya sita, ukanyooka vizuri sana, maana mimi mwandiko wangu mnausifu. Na spika mbili zikaenda kambini zimekaa kwenye viti vya mama wawili.

Kuna binti mmoja wa sauti ya kwanza, ana miaka kumi na miwili. Sitamtaja. Tangu arudi kambini mwezi wa nane hajaimba. Tumesema ameanza maringo. Tumesema amekua sasa, anaona kwaya ya watoto imempita. Wiki tatu zilizopita nilikutana naye kwenye bomba la maji, mwanangu yuko mgongoni, binti akamshika mwanangu mguu akauchezea, halafu bila kunitazama akasema, "Mama katibu, mbona safari hii mlangoni hapakuwa na mama?"

Nami nikasema, "Eti? Sema tena, sijakusikia."

Nilikuwa nimemsikia.

Hakurudia. Alijitwisha ndoo yake akaenda. Nami nikaja Jumapili ile, nikasimama palepale kwenye safu ya tatu, nikaimba, nikampungia Mungu mikono kwa kuwa kambi iliisha salama.

Sijui kilichompata. Huenda hakuna. Huenda ni giza tu liliingia moyoni mwa mtoto, akaangalia mlangoni akatafuta mama, hakumwona. Sijui kwa sababu sikutaka kujua, maana nikijua itabidi niseme nani alishika kalamu. Leo ibada ikiisha nakwenda kwao. Nimeshamwambia Mama Mchungaji tangu jana, tunakwenda wawili, na safari hii nitasikia, lolote atakalosema nitalisikia, na likiwa la kupelekwa mbele litapelekwa, hata kama litaanza na jina langu. Msiniombee kwanza. Tafadhali. Msininyooshee mikono, wala mtu asianzishe wimbo.

Maana mimi mtoto wangu ana miezi saba na anaota meno, miaka kumi na miwili itafika kesho tu, na atapanda basi hilo kwa kufuata daftari tutakalomwachia, na hatajua ni nini kilikuwepo tukakifuta, atawasha tu aende. Kila mmoja wenu ana daftari lake. Kuna mtu humu alimtoa bibi nyumbani kwa sababu anachukua chumba, na mtoto anarudi shule mchana hakuna mtu. Kuna wazee mliondoa utaratibu wa kumtembelea mjane siku ya arobaini. Mnajijua. Sitawamalizia, ninyi ndio mnaokumbuka mlibonyeza nini.

Mimi ya kwangu hii hapa. Daftari ninalo. Nimeandika upya kanuni ya sita jana, chini ya ule mstari mwekundu, sikuuficha, uonekane na tarehe yake na jina langu. Kambi nyingine ni tarehe nane Desemba. Spika zitabaki. Viti ni viwili na magodoro ni mawili, mlangoni. Mama wa kwanza ni mimi, nitakwenda na mwanangu, atalia masikioni mwa watoto, wavumilie.

Mama wa pili sijampata.

Mama Mchungaji, najua dakika zimeisha. Siendi kukaa. Nasimama hapa hapa mpaka mmoja asimame.